Wawili Uwanjani, Hakuna wa Akiba

Somo la michezo

Leo somo letu ni la mpira. Usiseme, "Mimi ni mtu mzima, mpira ni wa watoto." Soma kwanza mpaka mwisho, kisha useme.

Kuna mchezo unaitwa mpira wa wavu wa ufukweni. Huchezwa juu ya mchanga, peku. Kila upande una watu wawili tu. Wawili hawa wanacheza pamoja msimu mzima, miezi na miezi. Mwisho wa msimu huja mashindano makubwa ya kufunga mwaka. Hapo ndipo hujulikana ni jozi gani imedumu na ni jozi gani imevunjika njiani.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, mchezo wenyewe ukoje. Pili, kwa nini kucheza wawili ni kugumu kuliko kucheza wengi. Tatu, mfanye nini ninyi wawili mkienda kwenye mashindano ya kufunga msimu.

UWANJA NA HESABU YAKE

Mpira wa wavu ulianza huko Marekani mwaka 1895. Huo wa mwanzo huchezwa na watu sita kila upande. Ule wa mchangani, wa watu wawili wawili, uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, katika mji wa Atlanta, Marekani.

Uwanja wake una urefu wa meta 16 na upana wa meta 8. Wavu hupita katikati. Kwa hiyo kila jozi ina eneo la meta 8 kwa meta 8. Eneo hilo lote linalindwa na watu wawili!

Juu ya wavu kwa wanaume ni meta 2 na sentimeta 43. Kwa wanawake ni meta 2 na sentimeta 24.

Jozi inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu, kisha sharti uvuke wavu. Mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, isipokuwa baada ya kuzuia wavuni. Basi kazi huenda hivi: mmoja anapokea, wa pili anapandisha, yule wa kwanza anaruka na kupiga. Ukiruka wavuni kuuzuia mpira wa adui na mkono wako ukaugusa, huo ni mguso wa kwanza. Mmebakiwa na miwili tu.

Seti ya kwanza na ya pili huishia alama 21. Jozi zikitoka sare, seti moja kwa moja, huchezwa seti ya tatu ya alama 15. Katika seti zote, mshindi sharti amzidi mwenzake kwa alama mbili. Ikifika 21 kwa 20, mchezo unaendelea.

Kwa sababu ya upepo na jua, jozi hubadilishana upande. Katika seti ya kwanza na ya pili hubadilishana kila jumla ya alama inapotimia 7, tena 14, tena 21, na kuendelea. Katika seti ya tatu hubadilishana kila alama 5. Hivyo hakuna anayepigwa na jua la macho peke yake.

HAKUNA WA AKIBA

Sasa sikiliza jambo kubwa la mchezo huu. Hakuna mchezaji wa akiba. Katika mpira wa miguu, mtu akichoka anatolewa, anaingia mwingine. Huku hakuna. Mwenzako akiumia, hupewa dakika chache za kutibiwa. Akishindwa kuinuka, nyote wawili mmeshindwa.

Mfano ni huu. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Japani, ilifanyika mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa korona. Mchezaji mmoja mwanamke wa nchi ya Czech alipimwa akakutwa na ugonjwa huo. Mwenzake hakuweza kusimama uwanjani peke yake. Safari ya wote wawili ikaishia hapo. Wapinzani wao Wajapani wakapewa ushindi bila kugusa mpira.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. Wapinzani wana macho. Wakiona mmoja wenu amechoka, au anaogopa, au mguu unamuuma, watafanya nini? Kila mpira watamwanzishia yeye. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Yule akipokea, ndiye pia atakayeruka kupiga. Hana pa kujificha. Anazidi kuchoka, na akizidi kuchoka anazidi kukosea.

Na wewe mzima umesimama hapo pembeni, unatazama. Mpira hauji kwako. Moyoni unasema, "Huyu ananiangusha!" Huo ndio wakati wa hatari, maana ukimkunjia uso, wapinzani wenu wameshapata walichotafuta. Walikuwa wanapambana na wawili. Sasa wanapambana na mmoja na mmoja.

MAZUNGUMZO YA MGONGONI

Basi wachezaji hufanyaje ili wabaki kitu kimoja? Wanazungumza. Wanazungumza kwa kinywa, na wanazungumza kwa vidole.

Kabla ya kuanzisha mpira, yule aliye karibu na wavu huweka mikono yake nyuma ya mgongo. Adui hawezi kuiona. Mwenzake aliye nyuma anaiona.

Kidole kimoja maana yake: "Nitazuia njia iliyonyooka, pembeni mwa mstari. Wewe linda njia ya mshazari."

Vidole viwili: "Nitazuia njia ya mshazari. Wewe linda iliyonyooka."

Ngumi: "Sitazuia. Nitarudi nyuma tulinde wote."

Ni lugha fupi, lakini inataka uaminifu. Ukionyesha kidole kimoja kisha ukaruka kuzuia mshazari, mwenzako amekwenda upande ambao mpira hauji. Umemdanganya. Mara moja anasamehe. Mara ya tatu hakutazami tena mgongoni.

KISA CHA LAURA NA KIRA

Sasa tusome kisa cha kweli. Ni kisa cha wanawake wawili wa Ujerumani, Laura Ludwig na Kira Walkenhorst.

Laura alizaliwa mwaka 1986. Kira alizaliwa mwaka 1990. Laura alikuwa mzoefu. Alikuwa amekwisha cheza Olimpiki mbili, Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012, akiwa na mwenzake wa zamani aitwaye Sara Goller. Mwaka 2013 alianza kucheza na Kira. Kira ni mrefu, kazi yake ilikuwa kuzuia wavuni. Laura alilinda nyuma.

Mwaka 2014 Kira aliugua. Ulikuwa ugonjwa wa homa ya tezi, unaoletwa na virusi. Ugonjwa huu humwondolea mtu nguvu kwa muda mrefu. Kira akakaa nje ya uwanja.

Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pa Laura. Miaka inakwenda. Olimpiki nyingine inakuja. Mwenzako hajulikani atapona lini, wala akipona atakuwa na nguvu zile zile au la. Utafanyaje?

Laura hakukaa bure. Kwa muda alicheza na mwenzake mwingine. Lakini Kira alipopata nafuu, Laura alirudi kwake. Wakaanza tena.

Mwezi Agosti mwaka 2016 walifika fainali ya Olimpiki huko Rio de Janeiro, Brazil, katika ufukwe wa Copacabana. Wapinzani wao walikuwa Wabrazili, Ágatha na Bárbara, waliokuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 2015. Watazamaji karibu wote walikuwa wa Brazil. Mchezo ulichezwa usiku wa manane. Laura na Kira walishinda seti mbili, 21 kwa 18 na 21 kwa 14. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jozi ya wanawake kutoka Ulaya kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu.

Je, walikwenda nyumbani kulala? Hapana. Msimu ulikuwa haujaisha. Mwezi Septemba mwaka huo huo walikuwa Toronto, Kanada, katika mashindano ya kufunga msimu wa dunia. Mashindano hayo hukusanya jozi zilizofanya vizuri mwaka mzima. Kila mmoja hufika akiwa amechoka. Magoti yanauma, mabega yanauma. Na aliyepata dhahabu ya Olimpiki yuko katika hatari nyingine: hudhani amekwisha maliza kazi. Laura na Kira walishinda na huko Toronto.

Mwaka uliofuata, 2017, walifanya tena. Mwezi Agosti walicheza fainali ya ubingwa wa dunia mjini Vienna, Austria, dhidi ya April Ross na Lauren Fendrick wa Marekani. Seti ya kwanza walishindwa. Wengi hukata tamaa hapo. Wao walishinda seti ya pili na ya tatu, wakawa mabingwa wa dunia.

Baada ya wiki chache tu yakafuata mashindano ya kufunga msimu. Safari hii yalikuwa nyumbani kwao, mjini Hamburg. Hamburg hakuna ufukwe wa bahari. Mchanga ulimwagwa ndani ya uwanja wa tenisi wa Rothenbaum. Hapo napo, mbele ya watu wao, walishinda.

Lakini mwili wa mtu si chuma. Mwezi Januari 2019 Kira alitangaza kwamba anaacha mashindano kwa sababu ya maumivu. Mafanikio yao makubwa yote yalipatikana katika miaka michache kati ya ugonjwa na maumivu. Kama Laura angesema mwaka 2014, "Huyu ni mgonjwa, simtaki tena," hakuna hata moja kati ya hayo ambalo wangelipata pamoja.

WENZETU WA KENYA

Pengine utasema, "Hao ni Wazungu, wana makocha na fedha." Haya, tuje karibu.

Mwezi Juni mwaka 2021 wanawake wa Kenya walikwenda Agadir, Morocco. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya Afrika ya kutafuta nafasi ya Olimpiki. Kila nchi ilileta jozi mbili, na matokeo yao yalihesabiwa pamoja. Kenya ilishinda. Kwa mara ya kwanza Kenya ikapata nafasi katika mpira wa wavu wa ufukweni wa Olimpiki. Waliokwenda Tokyo walikuwa Gaudencia Makokha na Brackcides Agala.

Huko walipangwa na Brazil, Marekani na Latvia. Walishindwa michezo yote mitatu. Hatutaficha jambo hilo. Jozi nyingine ya Marekani, si ile ya kundi lao, ndiyo baadaye iliyotwaa dhahabu.

Je, safari yao ilikuwa bure? Fikiri mwenyewe. Kabla yao, kijana wa Kenya aliyecheza mchangani hakuwa na mtu wa kumtazama katika Olimpiki. Baada yao anao. Na mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Uingereza, jozi ya wanaume wa Rwanda ilifika nafasi ya nne. Rwanda haina hata bahari!

NINYI WAWILI MFANYE NINI

Haya basi, tuseme wewe na mwenzako mmecheza msimu mzima. Mavuno yamekwisha, na vijiji vinakutana kufunga msimu. Fuateni mambo haya sita.

1. Gawaneni kazi mapema. Nani atazuia wavuni? Nani atalinda nyuma? Mpira ukija katikati yenu, nani atauchukua? Mipira mingi hupotea katikati, kila mmoja akimtazama mwenzake. Amueni nyumbani, si uwanjani.

2. Semeni kwa sauti. Mpira ukija, sema "Wangu!" mapema. Ukiona unatoka, mwambie mwenzako "Nje!" Mwenzako anapopiga, wewe ndiwe macho yake. Mwambie mahali palipo wazi: "Mstari!" au "Mshazari!" Yeye anatazama mpira, hawezi kuona yote.

3. Mwenzako akiwindwa, punguza mzigo wake. Sogea katikati, ulinde sehemu kubwa zaidi ya uwanja. Mpandishie mpira mzuri, wa juu, usio na haraka, apate nafasi ya kukimbia. Mara moja moja piga wewe katika mguso wa pili, ili wapinzani wakuogope na wewe. Mkizidiwa, ombeni kupumzika. Kila jozi ina ruhusa moja ya nusu dakika katika kila seti. Msiiache mpaka mmekwisha chelewa.

4. Gonganeni viganja baada ya kila alama, hata ile mliyopoteza. Wachezaji wakubwa hufanya hivyo. Si mapambo. Ni kuambiana, "Ile imepita, tuko pamoja." Kama kuna kosa la kusahihisha, semeni kwa maneno machache: "Sogea hatua moja nyuma." Usiseme, "Wewe kila siku ni hivyo hivyo!" Maneno ya namna hiyo hayarudishi alama.

5. Tunzeni miili. Kunyweni maji kabla ya kiu. Chezeni asubuhi au jioni, maana mchanga wa saa saba mchana huunguza nyayo. Usifiche maumivu. Mwenzako ana haki ya kujua kwamba goti lako linauma, maana goti lako ni goti lake.

6. Msimu ukiisha, kaeni chini. Mmeshinda au mmeshindwa, zungumzeni. Tulifanya nini vizuri? Tulikosa nini? Mwakani tunaendelea pamoja? Kama mnaachana, achaneni kwa maneno mazuri. Huenda siku moja mkahitajiana tena, kama Laura na Kira.

KUTENGENEZA UWANJA KIJIJINI

Tafuteni mahali penye mchanga laini: ufukwe wa bahari, ukingo wa ziwa, au mto uliokauka. Jihadharini na mamba na viboko. Chambueni mchanga vizuri. Ondoeni miiba, mawe, makombe na vipande vya chupa.

Pimeni meta 16 kwa meta 8. Kama hamna futi kamba, hatua 16 ndefu za mtu mzima zinakaribia meta 16. Kwa mistari, tandazeni kamba na kuifunga pembeni kwa vigingi vilivyofukiwa ndani kabisa, visije vikamjeruhi mtu. Simamisheni nguzo mbili nje ya mistari. Wavu mkuukuu wa kuvulia samaki unafaa sana. Acheni nafasi ya meta 3 pande zote, bila mti wala mtumbwi.

MWISHO

Ndugu msomaji, wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika mchezo huu mikono ni minne tu, na yote inahitajika. Anayetaka kumjua mwenzake asimtazame siku ya ushindi. Amtazame seti ya tatu, alama ni 12 kwa 12, mwenzake amekosea mara tatu mfululizo. Je, anamwendea na kumpa mkono? Au anageuka na kutazama baharini?

Na wewe mwenyewe ungefanyaje?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wapinzani humwanzishia mpira mchezaji aliyechoka?
2. Kidole kimoja mgongoni kina maana gani? Na ngumi je?
3. Laura alifanya nini Kira alipougua? Je, alifanya sawa kucheza na mwingine kwa muda? Jadilianeni.
4. Wakenya walishindwa michezo yote huko Tokyo. Je, walipata faida yoyote? Toeni sababu.
5. Taja kazi moja hapo kijijini inayofanywa na watu wawili. Mmoja akiumwa, kazi hiyo huendaje?

HESABU

1. Seti ya kwanza ya fainali ya Rio ilikuwa 21 kwa 18. Jumla ya alama zote ni ngapi?
2. Jozi hubadilishana upande kila alama 7. Katika seti hiyo walibadilishana mara ngapi?
3. Eneo la upande mmoja ni meta 8 kwa meta 8. Ni meta za mraba ngapi? Kila mchezaji analinda ngapi?

Majibu: (1) 39. (2) Mara 5: alama zilipotimia 7, 14, 21, 28 na 35. (3) Meta za mraba 64. Kila mmoja 32.

MANENO YA KUKUMBUKA

Jozi: watu wawili au vitu viwili vinavyokwenda pamoja.
Mshazari: njia ya kukata kutoka pembe moja kwenda pembe nyingine.
Akiba: kitu au mtu aliyewekwa kwa ajili ya baadaye.
Msimu: kipindi cha mwaka chenye shughuli yake.